Siku Nilipomuua Mei

Nilipokuwa na miaka tisa nilimuua mwanamke mmoja wa Uingereza. Sikutumia kisu wala sumu, nilitumia mdomo tu, na marehemu mwenyewe wakati huo alikuwa mzima wa afya, yuko kwao ng'ambo ya bahari, pengine anakunywa chai. Naungama mapema msije mkasema nilificha. Upumbavu nimeufanya mwingi maishani. Nimewahi kusinzia kwenye basi nikaamkia mji usio wangu, na nimewahi kungoja maharage yaive saa tatu nzima juu ya jiko ambalo sikuliwasha. Lakini ule upumbavu wa mji wa Buffalo, Amerika, ndio uliokusanya watu zaidi ya ishirini, magodoro sita na masufuria ambayo hata leo Mama hajayapata yote, na mimi mpaka sasa sijui kama ninaujutia.

Kilichonikumbusha ni rangi. Pale ghalani Jeffersontown, ninapofanya kazi ya kufunga maboksi, walikipaka rangi chumba chetu cha kulia. Wenzangu wakatoka na vyakula vyao, wanalalamika vichwa vinauma. Mimi nikabaki na kopo langu la wali, peke yangu, navuta ile harufu kama mtu anayenusa mkate wa moto. Rangi mbichi ina ubaridi fulani unaopanda puani na kukaa kwenye koo. Ukinifumba macho ukaninusisha, nitakuambia ni Jumamosi, theluji inayeyuka, na kuna kochi la kijani limewekwa nje kwenye majani.

Tulikuwa tumeingia Buffalo kutoka kambini Tanzania, na kabla ya kambi wazazi wangu walikuwa wametoka milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, mambo ambayo mimi nayajua kwa kusimuliwa. Tulipewa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, kule mtaa wa Lower West Side. Kila mtu aliniambia nitaogopa baridi. Hakuna aliyeniambia kuhusu kimya. Kambini hukuweza kukohoa bila mtu wa kibanda cha pili kukuambia pole. Buffalo nilikohoa majira yote ya baridi na hakuna aliyejibu. Baba alifanya kazi usiku kiwandani na mchana alilala, kwa hiyo ndani tulitembea kwa vidole. Mama alifua mashuka ya hoteli na kurudi mikono imevimba. Shuleni watoto walikuwa wengi, lakini Kiingereza chao kilipita mbele yangu kama gari ambalo halisimami kituoni. Nilijifunza kucheza bao peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto alikuwa mwizi.

Chini yetu aliishi Bibi Wini. Alikuwa mzungu mzee, mrefu, mwenye sweta lililotoboka kwenye viwiko, na ndiye mzungu wa kwanza niliyewahi kumsikia akiulizwa na Wamarekani, "Na wewe unatoka wapi?" Alifungua mdomo dukani kuomba siagi, muuzaji akamuuliza hivyo hivyo kama alivyotuuliza sisi. Nilishangaa sana. Nikahitimisha kwamba naye ni mkimbizi, ila wao waliletwa kwa kundi la mwanzo. Nilipopata maneno ya kutosha nikamuuliza walikimbia vita gani.

Alifikiri kwa makini, akasema, "Sikukimbia vita, mpenzi. Nilifuata mume."

Nikamwonea huruma. Nilidhani ni aina nyingine ya kambi.

Huyo mume, Hari, alikuwa amekwisha kufa wakati sisi tunafika. Bibi Wini alibaki na nyumba, redio, na dada yake Mei aliyebaki Uingereza. Kwa kuwa Mama alirudi jioni na Baba hakutakiwa kuamshwa, ikawa nikitoka shule nashukia kwa Bibi Wini. Hakuna aliyepanga. Siku moja nilikaa kwenye ngazi nangoja Mama, akafungua mlango akasema nitaganda pale kama chupa ya maziwa, niingie. Kesho yake mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Kila Jumanne alimwandikia Mei barua. Ilikuwa kazi nzito. Aliondoa vyombo mezani, akafuta meza, akavaa miwani, akaandika, kisha akanisomea kwa sauti ili nihakikishe kwamba haina jambo kubwa. "Mei hapendi mambo makubwa," alisema. "Mambo makubwa anayasoma kwenye gazeti. Anachotaka kujua ni nani amepindua pipa langu la taka." Basi alimwandikia habari za pipa. Alimwandikia theluji imefika dirisha la jikoni, kwamba Wamarekani wanatia barafu kwenye chai na hajawazoea na hatawazoea, kwamba kindi amekula sabuni aliyoisahau dirishani. Kiingereza changu cha kwanza kilitoka kwenye barua hizo, ndiyo maana shuleni walinicheka nikiongea kama bibi wa Uingereza. Na Jumanne moja nikasikia: "Msichana wa juu amepoteza glavu ya tatu. Zote ni za kushoto. Naanza kushuku mkono wenyewe."

Ni mimi huyo. Nilikuwemo ndani ya barua. Kuna mtu kule mbali ambaye angefungua bahasha akajua kwamba mimi nipo na kwamba nina baridi mkono wa kushoto. Sijui niwaelezeje. Majira yote yale nilijisikia kama mtu anayeishi nyuma ya kioo, na Jumanne hiyo mtu aligonga kioo kutoka upande wa pili.

Mei mwenyewe hakuwa mtu wa kuandika. Alijibu kwa simu, Jumamosi moja kila mwezi, dakika chache tu, kwa sababu hakuiamini simu.

Sasa ile Jumamosi. Ilikuwa siku ya kwanza kavu baada ya miezi. Niliamka, nikachungulia dirishani, nikaona kochi la Bibi Wini liko nje kwenye majani. Kando yake viti, meza ndogo, taa, zulia limekunjwa. Nikashuka ngazi taratibu. Mlango wake ulikuwa wazi na sebule ni tupu. Katikati ya utupu huo alikaa Bibi Wini, chini, sakafuni, miguu ameinyoosha. Nywele zake alikuwa amezikata zote, zimebaki fupi kama za mwanajeshi. Ameshika kitu kifuani kwa mikono miwili na mabega yanatikisika.

Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo. Vitu vimetolewa nje ili watu wapate pa kukaa, mwenye msiba ameshuka chini, nywele zimenyolewa. Hata mtoto wa miaka mitatu angejua. Sikuingia, maana mtoto haulizi habari za kifo. Nilirudi juu mbio nikamkuta Mama anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, dada ya Bibi Wini amekufa."

Mama aliacha kisu. "Nani amekuambia?"

Hapa ndipo penye kosa lenyewe. Ningeweza kusema sijaambiwa, nimeona tu. Mama angeshuka, angeangalia, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikasema, "Yeye mwenyewe."

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliteleza ulimi. Sikuteleza. Kambini matanga ndiyo yaliyokuwa siku zangu nzuri. Mniwie radhi, lakini ni kweli. Watu walijaa, watoto tulilala tumepangwa kwenye mkeka kama dagaa, wakubwa wakaimba, hakuna aliyekutuma maji kila saa, na ukiamka katikati ya usingizi palikuwa na mgongo wa mtu. Tangu tufike Amerika hakuna mtu aliyekuwa amelala kwetu. Nilitaka watu. Ikiwa ili waje ni lazima mtu afe, basi Mei alikuwa mbali na sikuwahi kumwona.

Mama alienda dirishani, akaona kochi. "Kumbe na bazungu banatosha viti inje," alisema polepole, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambamo kutosha ni kutoa. "Ni batu kama sisi." Akafuta mikono, akampigia simu Mama Riziki.

Mama Riziki ndiye aliyeongoza kwaya yetu kanisani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni, na msiba aliuendesha kama jenerali. Nilimsikia kwenye simu akiuliza mambo mawili tu: "Ana batoto? Ana kanisa?" Mama akajibu hana, hana. "Bon," alisema Mama Riziki, Kifaransa chake cha kukubali. "Tunakuja."

Kabla ya saa saba mchana walikuwa wamefika, magari matano yaliyojaa. Walishusha magodoro, masufuria, gunia la unga, chupa za chai, na ndoo ya ndagala, dagaa wa kwetu, ambayo harufu yake ilifukuza mbwa wa jirani. Baba aliamshwa na kuvalishwa koti. Mama Riziki alianza kulia tangu barabarani, kilio kile cha kuitikiwa, na wanawake wakaingia bila kugonga kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kwa sababu kwenye msiba hakuna anayegonga.

Bibi Wini alikuwa amesimama juu ya kigoda. Mkononi ana brashi. Nusu ya ukuta ilikuwa ya njano. Puani ana tone la rangi.

Kama kuna mtu ameshawahi kutamani sakafu imfungukie, nampa pole, najua anavyojisikia. Wanawake walimshusha kwenye kigoda kwa upendo mkubwa, wakamkalisha chini, wakamzunguka. Mmoja alimshika kichwa, mwingine akamvua viatu. Bibi Wini alinitafuta kwa macho katikati ya vitenge.

"Mpenzi," alisema kwa sauti ya adabu sana, "hawa ni akina nani, na wanalia nini?"

Mama akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema asanteni kwa kuja."

Kwa Bibi Wini nikasema, "Wamekuja kukusalimia."

"Wote?"

"Ndiyo."

"Na magodoro?"

Ndipo simu ya ukutani ikalia. Bibi Wini akajinasua, akaipokea, na uso wake ukang'aa. "Mei!" alisema.

Mama yangu hakujua Kiingereza, lakini jina hilo alilijua, nilikuwa nimelitaja kila Jumanne. Alinigeukia. Sitasahau alivyoniuliza, polepole, kama mtu anayekanyaga barafu. "Mei gani huyo?"

Nikainama kuokota brashi sakafuni.

"Weye. Mei gani?"

"Ndiye yeye, Mama."

Kwetu kumtangazia mtu kifo akiwa mzima si mchezo wa mtoto. Ni kumwitia kifo chenyewe. Mama Riziki alisema "Eh!" mara moja tu, na wanawake wote wakanitazama. Lakini sikuogopa macho yao, wala kiatu cha Mama. Nilimwogopa Bibi Wini. Alikuwa amerudisha simu ukutani na ananingojea. Nilijua nikishasema, mlango ule hautaachwa wazi tena. Jumanne itafika na mimi nitakuwa kwenye ngazi, na barua itaenda bila mimi.

Nikamwambia. Kwa Kiingereza chake mwenyewe, cha mabibi. Kwamba nimesema Mei amekufa. Kwamba niliona viti nje na nywele, na kwamba alikuwa analia.

Nilitegemea acheke au anifukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliingiza mkono mfukoni akatoa miwani ya kiume, kioo kimoja kimepasuka. "Nywele nilizikata zisiingie rangi, na nilisogeza kabati nipake ukuta," alisema. "Ilikuwa imeanguka nyuma. Hari aliitafuta mwezi mzima. Nilimwambia ameikalia kwenye gari. Tuligombana." Akaikunja ile miwani. "Siku ya kumzika walikuja watu kumi na mmoja. Ilichukua dakika arobaini, kisha kila mtu akaingia kwenye gari lake. Mmoja aliniachia bakuli la chakula kwenye ngazi, akabonyeza kengele, akakimbia."

Nikatafsiri. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kweli siku hiyo.

"Alikimbia?" Mama Riziki aliuliza. "Alikuwa ameiba hicho chakula?"

"Hapana. Ni heshima. Hawataki kumsumbua."

"Usiku ule alilala na nani?"

Nikamuuliza Bibi Wini. Alisema, "Na redio."

Mama Riziki aliwatazama wenzake. Walikuwa wameacha kazi za Jumamosi, wengine walikuwa hawajalala tangu usiku, na pale palikuwa na sababu nzuri kabisa ya kunipiga na kurudi nyumbani. "Donc," alisema, yaani basi, "ile bwana hajaliliwa." Akajifunga kitenge upya. "Jina lake nani?"

"Hari."

"Hari. Bon. Batu bakae chini."

Wakamlilia Hari, ambaye hakuna aliyemjua. Wakamtia kwenye wimbo, Hari umetuacha, Hari umemwacha Wini na nani, na Bibi Wini akalisikia jina la mume wake likipanda na kushuka kwa sauti nne. Alikaa wima kama mtu aliye kanisani, mikono magotini. Kisha Mama akamvuta, na yule mwanamke mrefu akalala begani kwa mama yangu mfupi na kulia kwa kelele, bila adabu yoyote. Baba na wanaume wawili hawakujua wafanye nini, wakachukua brashi wakamalizia ukuta. Waliupaka vibaya.

Jioni Bibi Wini alikula ndagala watatu kwa uma, akaniinamia sikioni. "Ni watu wazuri mno. Wanaondoka saa ngapi?"

"Anasemaje?" akauliza Mama Riziki.

Nilimtazama Bibi Wini. Nilitazama magodoro. "Anasema mlale," nikasema, na huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho wa siku ile, na ndio pekee ambao nisingeurudisha hata leo. Nililala katikati ya watoto wawili wa Mama Riziki na mguu wa mtu usoni. Nilipoamka, Bibi Wini alikuwa amelala kwenye godoro, kwenye mstari, kati ya Mama na mwanamke ambaye hakujua jina lake.

Kiatu cha Mama kilinipata Jumapili, baada ya ibada. Kilikuwa cha haki.

Jumanne nilikaa kwenye ngazi. Sikuthubutu kusukuma mlango. Nilihesabu magari. Kisha sauti ikatoka ndani: "Unangoja nini? Mei anataka kujua amezikwaje." Barua ile ilikuwa na kurasa sita. Alimweleza kila kitu, wimbo, rangi, ndagala ("samaki wadogo wanaokutazama"), na mwishoni akaandika kwamba hii si habari ndogo, anaomba msamaha.

Tuliondoka Buffalo shule zilipofungwa. Binamu ya Baba alikuwa amepata kazi Columbus, akasema nyumba za mtaa wa Linden kule ni rahisi na Waswahili ni wengi, na kwetu mtu akisema watu ni wengi, unafunga mizigo. Bibi Wini alisimama barazani amevaa lile sweta. Hakunikumbatia, alinipa bahasha kumi zilizokwisha kubandikwa stempu, kila moja ina anwani yake. Niliandika tatu. Nilimwambia habari za pipa letu la taka. Alinijibu mbili. Halafu nikapata marafiki, nikapata aibu ya lafudhi yangu, nikapata miaka kumi na miwili, na bahasha zilizobaki zikaingia kwenye droo ya betri na funguo zisizo na mlango.

Nilipokuja kumtafuta nilikuwa mtu mzima. Simu haikuwa yake tena. Jina lake lilikuwa la kawaida mno kwa mashine za kutafutia. Mtu mmoja wa kanisa letu la zamani alipita pale akaniambia nyumba imepakwa rangi ya kijivu na wanakaa vijana wenye baiskeli. Hiyo tu. Najua lazima alikufa, hesabu ya umri inaniambia. Lakini sikuambiwa siku. Sijui kama kuna aliyekaa chini, au kama walikuja kumi na mmoja kwa dakika arobaini. Kuna siku nikipika huwa natamani kumlilia, nikajiuliza kama kwa kufanya hivyo sitakuwa tena namtangazia mtu kifo bila kuambiwa.

Sasa naishi Louisville, si mbali na lile ghala, na niseme ukweli, mimi ni mtu wa ndani. Kazini, nyumbani, kochi. Mlango ukigongwa napunguza televisheni na kuzuia pumzi mpaka miguu iondoke. Marafiki zangu wako kwenye simu, nawatumia sauti ndefu za habari za wiki, nani kapindua pipa, wananijibu kwa kidole gumba. Kisa cha Mei ndicho chumvi yangu. Nikilazimika kukaa na watu nakitoa, wanacheka, naokoka.

Jumapili nilikitoa tena, kwenye chumba cha mashine za kufulia cha jengo letu. Aliyekuwepo ni jirani yangu Mama Ester, Mkongo mwenzangu, ambaye ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa sebule yake. Alikuwa anakunja mashuka. Tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya habari na nzuri. Nikaigiza kila mtu, nikamfanya Mama Riziki, nikamfanya Bibi Wini na brashi yake. Alicheka kwenye kipande cha simu ya Mei. Nilipofika pale Hari alipoliliwa, aliacha kukunja. Nikanogewa. Nikamalizia kwa hekima, kama kawaida yangu: kwamba sisi wenyewe siku hizi Amerika imetuharibu, mama, hakuna tena mtu wa kuja kukaa na mwenzake.

Mama Ester aliweka shuka kwenye kapu, akalibana kiunoni, akanitazama bila hasira yoyote.

"Dada," alisema, "mama yangu alikufa mwezi wa tatu. Tuliimba siku tatu. Weye uligonga mlango mara moja, kutuambia tupunguze sauti."